Tulivyomfariji Mzee wa Tumbe Kupita Kiasi

Cheti changu cha masomo ya jioni ni kikubwa kuliko dirisha la chumbani kwangu. Sisemi uongo, fremu yake nimeipima mwenyewe kwa spoki ya baiskeli. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na wajukuu wawili, na mmoja wao ndiye aliyenisahihishia hesabu.

Basi nilipokipata cheti nikajikuta sina la kufanya jioni. Miaka yote ile nilikuwa nafunga gereji yangu ya baiskeli pale Gombani na kukimbilia darasani na mafuta ya cheni vidoleni. Sasa darasa halipo, mke wangu amechoka kuelezwa habari za volkano, na kichwa kimejaa elimu mpaka naona kinanielemea upande mmoja. Ndipo nikasikia hospitali yetu inatafuta watu wa kujitolea. Hawakutaka madaktari wala wafagiaji. Walitaka watu wa kukaa na wagonjwa alasiri mbili kwa wiki, wazungumze nao, wawasomee, wawaandikie barua, wawatoe kibarazani wapate upepo. Nikasema kazi hii imeumbwa kwa ajili yangu. Mimi kuzungumza silipwi na bado sinyamazi.

Bibi mmoja wa ustawi wa jamii alitufundisha asubuhi moja. Zungumza kwa sauti ya chini. Tabasamu. Usimpinge mgonjwa. Mshike mkono. Mhakikishie kwamba hayuko peke yake. Niliyahifadhi yote kama nilivyohifadhi juzuu utotoni, nikawa nayakariri njia nzima nikiendesha baiskeli, na watu wa njiani wakadhani nawatabasamia wao.

Kilichonishangaza nilipoingia wodi ya wanaume ni nesi mkuu wa pale. Ni mama mzima, mfupi, karibu astaafu, na mafunzo yetu yale hakuna hata moja analolifuata. Sauti yake ikitoka wodini, kuku wa kule mbali Mtambile husimama wakasikiliza. Humgombeza aliyemwaga maji, humgombeza asiyemaliza uji, humgombeza aliyejifunika shuka mpaka kichwani. Siku ya kwanza nilimwonea huruma kila mgonjwa. Siku ya pili nikaona kitu. Bwana mmoja aliyekaripiwa kwa kuacha uji aliumaliza, akaomba mwengine. Mgonjwa wangu mimi, niliyembembeleza kwa sauti ya chini na tabasamu la kupasua mashavu, uji wake ulipoa ukaota ngozi.

Somo la sayansi lilitufundisha kutazama, kuandika na kulinganisha. Nikanunua daftari. Nikawa naandika nani kagombezwa, kwa kosa gani, na baadaye alikuwaje. Kwa nini watu wanacheka nesi akishawapa kisogo? Kwa nini mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye mimi namwita baba yangu, analala akinikodolea macho ya wasiwasi, na nesi akishamwita mkaidi analala akikoroma? Daftari lilijaa maswali matupu.

Hapo ndipo akaja mzee wa Tumbe.

Alikuwa mchuuzi wa samaki. Tokea ujana wake alikuwa anachukua samaki sokoni kwao Tumbe na kuwatembeza kwa baiskeli vijiji kwa vijiji, tenga limefungwa nyuma, na matenga hayo, kwa alivyonihadithia, yalikuwa mazito kama ng'ombe wawili. Mimi fundi wa baiskeli, nikamuamini bila kuuliza. Ule uzito ndio uliompa ngiri. Daktari wa upasuaji huja hospitali yetu Jumatano tu, na daktari wa zamu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba safari hii asirudi nyumbani bila kupasuliwa, maana utumbo umeanza kubanwa, na ukijisokota akiwa kijijini hatofika hospitali akiwa hai. Kwa hiyo kitu kilichokuwa kinangojwa ni kimoja tu: Jumatano ifike, mzee aweke dole gumba kwenye karatasi ya kukubali, apasuliwe.

Lakini mzee hakuwa na mtu. Mkewe kafariki, na wanawe wote wawili walikuwa dago, yaani wamehamia kambi ya uvuvi ya mbali kwa msimu mzima, na simu zao kila ukipiga hazipatikani. Na kwetu Pemba mgonjwa hatazamwi na mtu mmoja mmoja. Kitanda cha jirani yake, aliyevunjika mguu tu, kilikuwa kinapokea pikapu nzima kila alasiri, na mabakuli na mikeka na shangazi. Mzee wa Tumbe, saa ya wageni ikifika, alikuwa analala. Nilitazama siku tatu mfululizo, hata zisizo zamu yangu. Dakika ile mlango unafunguliwa, yeye macho anafumba, na mgeni wa mwisho akitoka, anafumbua. Sijapata kuona usingizi wenye saa kama ule.

Nikajua ni aibu. Ilinikaa rohoni. Jumatatu nikawapitia wenzangu wote tuliosoma nao darasa la jioni, nikawaambia kuna mzee hana jamaa, kesho saa kumi tukamtazame. Mpemba humwambii hivyo akakataa.

Jumanne wakaja watu mia nne. Nesi alihesabu kumi na saba, lakini nesi hakuwa amesimama nilipokuwa nimesimama mimi. Mlangoni niliwapanga foleni na kuwapa mafunzo yote kwa ufupi: sauti ya chini, tabasamu, mkono, mhakikishieni hayuko peke yake. Na walifuata, wanafunzi wazuri wale. Mzee alikuwa keshafumba macho. Akafumbua jicho moja, akakuta watu asiowajua, wamekizunguka kitanda, wamevaa nguo za heshima, wanazungumza kwa kunong'ona.

Mmoja mmoja wakamshika mkono wake kwa mikono miwili. Mwenye duka la mikate alimwambia asiwe na wasiwasi wa kitu chochote cha dunia. Bibi mmoja aliyekuja na flaski ya uji alimpangusa paji la uso, akageuka pembeni kujifuta machozi, maana yeye hulia hata harusini. Mwengine akamwomba amsamehe kama kuna lolote lililopita baina yao, na hawajaonana hata siku moja. Na mwenzetu mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa nia njema kabisa, akaketi upande wa kichwa cha mzee, akafungua msahafu, akasoma Yasin. Sote tukainamisha vichwa.

Mgonjwa yeyote husomewa Yasin, hilo najua. Lakini tangu tuko wadogo tunaisikia zaidi kwa yule anayeaga. Mimi nilisimama chini ya dirisha nikiwa nimejawa na furaha, nikajiambia kwamba hospitali yoyote duniani haijapata mfariji kama mimi.

Walipoondoka, mzee aliniita. Macho yalikuwa makavu, sura imetulia. Aliniuliza kama ni kweli najua kuandika. Yakhe, swali gani hilo la kumuuliza mwenye cheti! Nikatoa daftari na kalamu mbili. Akaanza kunitajia taratibu, nami nikaandika kwa mwandiko wangu wa mtihani: baiskeli apewe mwanangu mkubwa, tenga na mizani apewe mdogo. Nikamsifu kwa kukumbuka wanawe. Akaendelea: nikosheni kwa maji ya kisima cha kwetu, mnizike kando ya mama yao.

Kalamu ikasimama.

"Andika," akasema. "N'shaelewa. Mmefanya vizuri kunijulisha kwa adabu."

Nikamuuliza kaelewa nini. Akanieleza bila hasira hata kidogo. Alisema yeye si mtoto. Watu hawaji kundi zima kumwomba radhi mtu wasiyemjua ila wameambiwa na daktari kwamba kesho hayupo. Tena mimi mwenyewe tangu Jumamosi nilikuwa namshika mkono na kumwambia hayuko peke yake. Kama ndiyo hivyo, kisu cha nini? Hataki kufia mezani. Anataka kufia Tumbe, kwenye kitanda chake, na ananiomba nimtafutie gari jioni hii hii.

Nikashikwa na kiwewe. Nikamwambia sivyo, nikamwapia, nikamshika mkono tena, sauti yangu ikashuka zaidi kwa hofu, na nikatabasamu. Akanitazama kwa huruma. Kadiri nilivyombembeleza ndivyo alivyozidi kutafuta viatu vyake. Alivaa kanzu, akavaa kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda na makubadhi miguuni, mkono mmoja ameushikilia uvimbe wa ngiri, maumivu yanamkata, na anayameza. Jumatano ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

Nesi akaingia na trei ya dawa. Alisimama. Alitazama kanzu, akatazama makubadhi, akatazama maganda ya machungwa ambayo wageni wangu waliyaacha juu ya mto.

"Nani kakupa ruhusa ya kukalia shuka langu na viatu?" akauliza. "Nimelitandika asubuhi kwa mikono yangu hii. Na maganda haya? Hapa marikiti, pa kuuzia machungwa?"

Mzee akasema kwa upole kwamba anakwenda kwao kufa. Nesi akaweka trei chini.

"Kufa? Kesho saa tatu una miadi na daktari, nimeshakuandika wa kwanza. Uniharibie orodha yangu kwa kufa? Vua viatu!"

Mzee akamkazia macho kwa muda mrefu, namna mchuuzi anavyomtazama samaki shavuni kujua kama ni wa leo.

"Wanigombeza miye, mtu mzima?"

"Nakugombeza, ndiyo. Na kesho ukiamka baada ya kupasuliwa ukakataa kutembea, ndipo utakaponijua vizuri."

Nikaona bega la mzee linashuka. Kisha la pili. Akavua kubadhi moja, akangoja kidogo, akavua jengine. Nesi aliokota maganda akiendelea kulalamika habari ya wageni wasio na akili, akinitazama mimi, akaenda zake kitanda cha pili kumwita mtu mkaidi.

Mzee akaniinamia sikioni. "Huyu hajui kusema uongo," akaninong'oneza. "Anayekufa hagombezwi. Mama yangu tulimgombeza mpaka wiki ya mwisho, halafu tukaacha. Naye alijua siku tuliyoacha."

Mwenyewe akaomba ile karatasi ya kukubali, akaweka dole gumba. Yale niliyomwandikia mimi alinitaka niyachane, nikayachana vipande vidogo sana, mwandiko wa mtihani na yote.

Jumatano alipasuliwa. Mimi nilifungua gereji siku ile lakini sikutengeneza kitu. Kuna mtu nilimfungia gurudumu la mbele nyuma. Alasiri nikaambiwa yu salama, utumbo umekutwa mzima.

Alhamisi nikamvizia nesi kwenye ukumbi na daftari langu. Nilitaka kujua kama anafanya makusudi, kama kuna kipimo, nani agombezwe kiasi gani na lini aache. Alinitazama kama kwamba nazungumza Kichina. Akaniambia yeye tangu aanze kazi hajapata kumgombeza mgonjwa hata mmoja, kisha akaniuliza kwa nini nimesimama kwenye sakafu aliyokwisha kuipiga deki. Nikahama. Swali hilo mpaka leo liko wazi daftarini.

Ndani, mzee alikuwa ameegemezwa mito miwili, amenyauka lakini macho yako wazi. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Nikakaa, nikafunga mdomo wangu, mikono nikaiweka magotini nisije nikamshika. Akautazama mlango mara moja, akautazama tena.

"Wale watu wako," akasema. "Wanakuja leo?"

Nikamjibu sijui, niliona haya kuwaita tena. Akasema niwaite. Yule wa uji aje na uji wake, mtamu ule, ila machozi ayaache kwao. Na yule mwalimu aje, lakini aje wakabishane, maana amesikia anashabikia timu mbovu.

Nikatoka mbio mpaka kwenye baiskeli. Nyuma yangu nikamsikia nesi akiniambia hospitalini watu hawakimbii.