Niliandika "Nilishamsamehe", Mwenyewe Hakusema Hivyo

Admin, ukiipost hii ficha hata mtaa ninaokaa. Majina ya watu nimeshayabadilisha mwenyewe.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na mmoja, niko Kigali. Nimezaliwa na kukulia Mwanza, na wazazi wangu waliporudi Rwanda nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa hiyo Kiswahili ninacho, ila Kinyarwanda changu mpaka leo wauza nyanya wanakicheka. Kazi yangu ni kutafsiri. Filamu ikikamilika, mimi ndiye naandika yale maneno yanayopita chini ya picha. Najua mnajiuliza mtu wa Kinyarwanda cha kuokoteza anatafsirije Kinyarwanda. Ulizeni tu, ndiyo shida yenyewe iliyonileta hapa.

Tulitengeneza filamu yetu watu wanne, bila kampuni wala mfadhili. Dairekta ni rafiki yangu, nimwite Diane. Kamera alishika jamaa aliyekuwa akipiga picha za harusi. Sauti alirekodi mwalimu wa kwaya. Filamu ni ya maisha ya kweli ya fundi cherehani mmoja wa Busanza, hapa hapa Kigali, nimwite Mama Hadija. Mumewe alikuwa dereva wa malori, Mtanzania. Alimwacha mama huyu wakati mtoto wao amelazwa hospitali. Mtoto alipofariki baba alipigiwa simu, hakuja kuzika.

Kwenye filamu Mama Hadija anasimulia hayo huku anashona. Mwisho anakanyaga cherehani, anasema neno moja la Kinyarwanda, halafu anakata uzi kwa meno. Cherehani ilikuwa inapiga kelele. Mimi nikasikia "narababariye", yaani nilisamehe. Nikaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: Nilishamsamehe.

Jamani, hilo neno lilitubeba. Kila tulipoionyesha filamu nje ya Rwanda watu walilia hapo hapo. Diane akaalikwa huku na huku, sasa amepewa nafasi ya kutengeneza filamu ya pili. Yule wa harusi siku hizi anaitwa Nairobi na Kampala. Mwalimu wa kwaya ameacha kwaya, anarekodi sauti tu. Na mimi napata kazi kwa sababu ya ile tafsiri. Watu wananiambia nina kipaji.

Mwezi uliopita nilienda kwa Mama Hadija kupimwa gauni. Kwa kumsifia tu nikamuuliza, "Mama, uliwezaje kumsamehe yule baba?"

Akatoa pini mdomoni. "Nani amesamehe?"

"Si ulisema kwenye filamu, narababariye?"

"Oya, hapana mwanangu. Nilisema narababaye. Iliniuma. Mpaka leo iko inauma."

Filamu aliiona mara moja tu, hapa Kigali, na maandishi yalikuwa ya Kiingereza asichokijua. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikajibu "aah, sawa mama", nikageuka anipime mgongo. Naona aibu hata kuandika.

Nikaenda mbio kwa Diane, nikijua atashtuka kama mimi. Hakushtuka.

"Ariko wewe! Mimi nilijua tangu kitambo. Hiyo neno nimeisikia mara mia nikihariri. Ya kwako iko nzuri kupita ya kwake. Bireke."

Yaani niache. Nikaacha. Lakini tangu siku ile situlii. Nakaa nasimama, nafungua kazi za watu nafunga, nikisikia cherehani mtaani nabadilisha njia.

Sasa kubwa zaidi. Yule mume ameiona filamu huko Tanzania. Kinyarwanda hajui, yeye alisoma maandishi yangu. Akamtumia Diane ujumbe wa sauti na mimi nimeusikiliza, mzee analia kabisa: "Kama mke wangu alishanisamehe, nakuja nimwombe radhi uso kwa uso, anionyeshe na kaburi la mwanangu." Diane amefurahi kama kashinda bahati nasibu. Anasema filamu ya pili ndiyo hiyo. Jumamosi mume anashuka Kigali, kamera inawekwa uani kwa jirani, anabisha hodi, mama anafungua. Mama mwenyewe haambiwi kitu. Anajua tunakuja kumpiga picha akifanya kazi, basi.

Nilimwambia Diane huu ni ukatili. Akaniuliza, "Unataka tuseme nini kwa watu? Kwamba tuliwaliza kwa uongo? Wewe ndiye uliandika, si mimi." Na kweli, jina langu ndilo liko mwishoni mwa filamu, mbele ya neno tafsiri.

Nikimwambia Mama Hadija, filamu ya pili inakufa, wenzangu watatu wananilaani, na mimi nani atanipa tena maneno yake nitafsiri? Nikinyamaza, mwanamke anafungua mlango wake anamkuta mtu aliyemwacha azike mtoto peke yake, na kamera inamwangalia usoni. Na yule baba naye namwonea huruma, anasafiri siku nzima kwa ajili ya neno ambalo halikusemwa. Namba yake ninayo. Nimeibonyeza mara tatu, nikakata kabla haijaita.

Leo ni Alhamisi. Mama Hadija kanipigia asubuhi, ana furaha. "Njoo kesho uchukue gauni. Kitambaa kilibaki, nimetushonea sare mimi na wewe, tuvae Jumamosi kwa kamera."

Ndugu zangu, msinitukane sana, nimeshajitukana vya kutosha. Kesho asubuhi niko mlangoni kwake, naye ataniambia nijaribu gauni kwanza. Nianze na neno gani?