Moto Uliowangoja Wageni

Kwetu Gitega, mtu akipanda mlima na mikungu minne ya ndizi juu ya baiskeli yake, hakuna anayemtazama mara mbili. Mgeni akipanda mlima huohuo bila mzigo wowote, kofia ngumu kichwani na chupa mbili za maji ubavuni, anapigiwa makofi mpaka kileleni. Mpiga makofi nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Nimezaliwa katika familia ya Waislamu wa mjini. Baba alikuwa fundi wa baiskeli, nami nikaishia kuwaongoza wageni kwa baiskeli. Tulikuwa tukianza Gitega, tunazungukia Ryansoro, kisha tunashika njia za vilimani kuelekea Muyinga, siku nne za vumbi jekundu, mpaka kilima kimoja nyuma ya Mwakiro wanakoishi Watwa wachache, wafinyanzi tangu enzi za babu zao. Karatasi ya safari, aliyoiandika bosi wangu akiwa amekaa ofisini, ilisema hivi kuhusu siku ya nne: saa nane mchana, kabila la kale linachoma vyungu.

Kila nikiisoma damu ilinichemka. La kale! Mama tuliyekuwa tunakwenda kumtazama alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akasoma hukohuko, na Kiswahili chake kingeweza kukinyoosha changu. Mimi nilikuwa sijawahi kuuvuka mpaka hata mara moja. Simu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na bosi alikuwa amemwomba aifiche wageni wakifika. Aifiche! Kama vile mtu akishika simu udongo unakataa kufinyangika.

Jambo la vyungu liko hivi. Ukishafinyanga, unavianika kwa siku nyingi mpaka vikauke kabisa, halafu unavichoma vyote kwa pamoja, asubuhi, kuni na nyasi zikiwa kavu. Wakati wa masika mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri, na chungu kikinyeshewa kikiwa motoni kinapasuka. Hata mtoto wa kule analijua hilo. Bosi wangu hakulijua, au hakutaka kulijua, kwa sababu asubuhi wageni wanakuwa bado njiani.

Siku ninayoikumbuka tulichelewa. Tulipata pancha mara mbili, na mgeni mmoja mrefu alitaka kupigwa picha na kila mbuzi aliyekutana naye. Saa nne asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa ni yule mama.

"Kijana, mawingu ya leo siyapendi. Nichome sasa hivi? Hivi ndivyo vyungu vyangu vyote, vya soko la keshokutwa Muyinga. Sina vingine."

Nikampigia bosi. "Patron, mvua iko inakuja. Mama anataka kuchoma sasa."

"Écoute, sikia, wageni wanakuja kuona moto, hawakuje kuona majivu. We mwambie angoje."

"Na vyungu yake je?"

"We uko guide ao uko avocat wake, wa kumtetea? Mwambie."

Ningeweza kumwambia mama achome, halafu nimdanganye bosi kwamba mtandao ulikatika. Kule vilimani mtandao hukatika kila siku, angeamini. Nilifikiria hivyo, wallahi. Kisha nikampigia mama nikamwambia, "Utungoje kidogo, mama, tuko karibu." Hatukuwa karibu hata kidogo.

Tulifika saa tisa. Vyungu vilikuwa vimepangwa juu ya kuni na kufunikwa nyasi, na yeye ameketi kando, kiberiti mkononi. Mbingu ilikuwa nyeusi. Alinitazama, hakunisalimu. Akawasha, na wageni wakashangilia.

Mvua ya kwetu haibishi hodi. Moto ulikuwa ndiyo kwanza umekolea ilipotuangukia. Majirani walikuja mbio na mabati wakayashikilia juu ya moto, mikono ikiungua. Wageni wakakimbilia barazani na kuendelea kupiga picha kutoka hapo. Tulisikia vyungu vikipasuka kimoja baada ya kingine, kama mahindi kwenye kikaango. Vilipotolewa motoni, vilivyosalia vizima vilikuwa vinne.

Yule mgeni mrefu akaokota kipande, akakifuta kwa shati, akaniuliza kama anaweza kwenda nacho kwao, kiwe ukumbusho. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu wetu, hata gae lenyewe walitaka kuondoka nalo! Nikamwambia kwa ukali akirudishe. Akakirudisha, uso umemwiva kwa haya, nami nikajiona shujaa. Nikaanza kumtukana bosi pale mbele ya mama, kwa sauti: mjinga, mroho, mtu asiyejua hata udongo unakauka vipi. Sikumbakizia kitu.

Mama alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha udongo. Wageni walikuwa wamekatazwa maji ya vijijini kwa ajili ya matumbo yao, na yeye alilijua hilo, hakuwapa. Alinipa mimi. Mkono wangu, kabla sijafikiri, ukaenda kwenye chupa iliyofungwa kwenye baiskeli yangu.

"Asante, mama. Mi niko na yangu."

Afadhali niseme wazi. Halikuwa suala la tumbo. Kwetu tulikua tukijua kwamba kikombe cha Mtwa hakinywewi. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Uliona tu mtu mzima akiletewa maji na kusema hana kiu, huku jasho likimtiririka. Nilidhani mambo hayo nimeyaacha zamani, mimi niliyekuwa nachemka kila nikisoma karatasi ya bosi. Naona aibu mpaka leo.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Nyumbani kwa mama yako, maji ya kunywa yanakaa kwenye nini?"

"Mu chungu, mama."

"Chungu cha nani?"

Mama yangu hataki kusikia habari za maji ya friji. Maji yake yako jikoni, kwenye chungu kikubwa kilichonunuliwa sokoni, na hakuna mtu Gitega asiyejua vyungu vile vimetoka mikononi mwa nani.

"Na jambo la pili," akasema. "Huyo bosi unayemtukana, mimi hajanipigia simu. Sauti iliyoniambia ningoje ilikuwa yako."

Akamwaga yale maji chini, akaenda kuokota vigae vyake.

Baada ya mwezi mmoja nilikuwa njiani tena na kundi jingine, karatasi ileile mfukoni. Siku ya nne, saa moja asubuhi, nikampigia mama. "Choma sasa, mama. Usitungoje."

"Nimeshawasha," akasema. "Sikuwa nangoja ruhusa yako." Akakata simu.

Tulipofika, vyungu vilikuwa vimepangwa ukutani vikipoa, vizima vyote, na moto umebaki majivu. Mama alikuwa barazani anaongea na simu, wala hakuificha. Mgeni mmoja akapiga simu ofisini jioni ileile kulalamika kwamba hakuuona moto. Bosi akanipigia, akapiga kelele, akaniambia nikirudi Gitega nimkabidhi baiskeli ya kazi. Nikamwambia ataipata, na nikamwambia mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hasira ile sijaimaliza na sina nia ya kuimaliza.

Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Mchana ule mama alimaliza kuongea, akaingia ndani, akatoka na kikombe kilekile. Nilikipokea kwa mikono miwili nikanywa. Maji yalikuwa na ladha ya udongo, ileile ya maji ya kwetu. Alinitazama mpaka nikamaliza, ndipo akaniuliza habari za nyumbani.