Injini ya Baba na Baridi ya Milimani

Harufu ya dizeli haikumtoka baba mikononi hata anawe kwa sabuni ya unga, nami niliipenda mno. Miaka ile ya tisini alikuwa akifunga maboksi kiwandani Smithfield, hapa Sydney, yeye aliyekuwa fundi wa mashine za boti kwao Tanga, na kazi ile ilimchosha roho. Akanunua boti kuukuu yenye injini ya chuma. Ikitengemaa, alisema, kiwanda nakiaga; tutavua, tutauza, tutakuwa watu. Nyumbani hapakuwa na pa kuiweka, basi mwenzake wa kazini, Greg, akampa nafasi uani kwake, juu milimani magharibi ya Sydney.

Siku tulipoipeleka baridi ndiyo kwanza inaanza. Greg alimweleza kwa Kiingereza cha mbiombio kwamba usiku kule maji huganda, ayamwage yote yaliyomo ndani ya injini. Baba akaitikia "yes, yes", kama alivyomwitikia msimamizi wake kila siku. Hakuelewa. Mimi, binti wa miaka kumi, nilielewa kila neno. Kisha akafanya kama mafundi wa kwao: akasukuma maji ya bomba ndani kuondoa chumvi, akaiacha imejaa, akaifunga. "Sasa hii haishiki kutu," akaniambia, ameridhika kweli. Nilifunzwa kwamba mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya mgeni, nikanyamaza. Lakini hata garini, tulipokuwa wawili tu, nilimwonea haya, nikanyamaza tena.

Tuliporudi baada ya wiki kadhaa, ubavu wa injini ulikuwa na ufa wa kuingiza kucha, na barafu ikionekana ndani yake. Baba akaupapasa, akaupapasa tena.

"Maji haya haya ndiyo yamepasua chuma?" aliuliza. Akanigeukia. "Mwanangu, yule Greg siku ile alisema nini?"

"Alitutakia safari njema, baba."

Nilijichukia pale pale, na bado najichukia. Baba alibaki kwenye maboksi mpaka akastaafu. Siku hizi mwanangu hunisahihisha mbele ya yeyote, mama yangu akakunja uso na kusema mtoto huyu hana adabu. Mimi humwacha mtoto aseme. Baba nimemzika bila kumwambia. Kila alipowasimulia wageni habari za boti ile, alimalizia kwamba nchi hii nzima hakupata mtu wa kumwonya, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, namjazia chai.