Shavu la Bingwa

Kwanza niseme wazi: wanaume wanaokaa kwenye benchi la kinyozi jirani yetu wananikera. Kutwa wako pale, miguu wameinyoosha njiani, wanabishana kuhusu ngumi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzionja. Na ngumi zenyewe ni za mume wangu. Ingekuwa ni za mtu baki, ningefua nguo zangu nikanyamaza. Lakini unafua shati la mtu, na yeye yuko nje anasema mumeo hakuwa bondia, alikuwa mkimbiaji! Siku nyingine natamani nimrudishie shati lake na povu lake.

Mume wangu ni dobi. Mimi nafua, yeye anapiga pasi, na kati yetu na kinyozi kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo kila neno linapita. Kabla ya udobi alikuwa bingwa wa ngumi. Walimwita Kivuli, kwa sababu ulimwona mbele yako, ukirusha ngumi hayupo. Mkanda wake umetundikwa juu ya meza ya pasi, rangi ya dhahabu imebabuka, na wateja wapya huugusa kwanza kabla ya kutoa nguo kwenye mfuko. Mwenyewe hauzungumzii. Ni mtu wa maneno machache, mpenda usafi, mkali wa kola. Akinitania anasema alioa mke mwenye mdomo ili wa kwake upate kupumzika.

Ubishi wa benchi ni mmoja, na hauzeeki: je, Kivuli ahesabiwe miongoni mwa magwiji wa nyakati zote? Kinyozi anasema ndiyo. Mwalimu mstaafu, ambaye hata akinyolewa hafungi mdomo, anasema hapana.

"Gwiji anapimwa kwa watu aliowapiga," Mwalimu husema. "Huyu aliwapiga wazee waliokwisha na vijana wasiojua kufunga glavu. Mtu wa maana alikuwa mmoja, Tingatinga. Akamshinda kwa pointi za kuungaunga, halafu akakataa marudiano. Gwiji gani huyo?"

"Mwalimu, raundi zote zile hakuguswa uso!" kinyozi hupandisha sauti. "Kutoguswa ndiyo ngumi yenyewe!"

"Kutoguswa hata mwizi wa kuku anakujua."

Basi hapo wote wanaangua kicheko. Mimi huku nasugua nguo mpaka vidole vinauma, na namtazama mume wangu. Pasi inapita mahali pale pale, inarudi, inapita tena, na mimi najua kila neno limemwingia.

Kuna jambo benchi halilijui. Ulingoni kweli hakuguswa. Aliguswa mazoezini, miaka nenda rudi, na vijana wenye nguvu waliokuwa wanatafuta jina kwake, na ngumi za mazoezini hakuna anayezihesabu. Zilikuja kujihesabu zenyewe baadaye. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Akawa anaingia chumbani halafu ananiuliza alifuata nini. Daktari aliziangalia picha za kichwa chake, akamwambia mbele yangu kwamba ngumi moja nyingine ya kichwani, hata ya mzaha, inaweza kummaliza. Tulirudi nyumbani. Mlangoni akanishika bega.

"Mama watoto, haya yaishie ndani. Siku utakayowaambia watu kichwa changu kibovu, utakuwa umenizika mzima."

Nikaapa. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huapa chochote.

Siku moja akatokea promota, amevaa viatu vilivyochongoka, simu huku na simu huku. Akasimama kati ya benchi na mlango wetu, mahali ambapo wote tungemsikia, akasema anaandaa pambano la heshima. Kivuli na Tingatinga. Wazee wawili, raundi chache, ubishi uishe. Benchi lilisimama lote kwa shangwe. Hata kinyozi, mtetezi wetu, alikuwa anarukaruka na wembe mkononi.

"Sasa tutajua mbivu na mbichi!" Mwalimu akasema.

Nikageuka kumtazama mume wangu. Hakunitazama. Akaiweka pasi kwenye kibao chake, akajifuta mikono, akatoka nje.

"Nimekubali," akasema.

Nilisubiri promota aondoke, nikafunga mlango mchana kweupe, wateja wagonge wakichoka waende zao.

"Baba watoto, daktari alisema nini?"

"Daktari hajui ngumi."

"Anajua vichwa!"

"Punguza sauti, ukuta ni wa mbao." Akaketi juu ya furushi la mashuka. "Unawasikia wenyewe kila siku. Nikifa kesho, watasema nilimkimbia mtu. Watoto wangu watakaa kwenye mabenchi kama lile na kuambiwa baba yao alimkimbia mtu. Wewe ungekubali?"

"Ningekubali! Wakimbiaji wanarudi nyumbani!"

Alicheka, jamani. Mimi nalia, yeye anacheka, ananiambia nisimwogopee, Tingatinga hajawahi kumgusa na hatamgusa. Na alisema kwa imani kabisa. Hapo ndipo niliogopa zaidi.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kushtuka. Nikisikia kitu kimeanguka, roho inaruka. Akichelewa kutoka bafuni, nasimama mlangoni nikijifanya natafuta sabuni. Mara nyingi nilifika mpaka kwenye benchi, mdomo umeshafunguka, niwaambie ukweli waache ujinga wao. Namwona Mwalimu anatabasamu, "Shemeji, karibu, na wewe useme neno," nakumbuka kile kiapo. Narudi ndani.

Kisha nikaliona shavu.

Inabidi nieleze kazi yetu kidogo. Mume wangu hatumii pasi ya umeme, anasema inabembeleza nguo badala ya kuinyoosha. Anatumia ya mkaa, na pasi ya mkaa haina kitufe cha kukwambia imepata moto kiasi gani. Dobi mzoefu huinyanyua mpaka karibu na shavu, haigusi, anausikia moto kwenye ngozi, anajua hii ni ya kitenge na hii bado inaunguza hariri. Amefanya hivyo kila siku tangu tuanze. Wateja walipenda kumwangalia. Walisema, ndiyo maana hakupigwa, huyu anajua kitu kikaribie wapi na kiishie wapi.

Asubuhi hiyo alikuwa na alama nyekundu shavuni, yenye pembe.

"Kinyozi kanikata," akasema kabla sijauliza.

Nikampigia kinyozi kelele kupitia ukutani kwamba ajifunze kushika wembe. Akajibu, "Shemeji, wiki hii sijamnyoa mtu wako!"

Nilisogeza beseni langu mahali ambapo ningeiona meza, nikainama, nikajifanya nafua. Akanyanyua pasi. Ikapanda, ikafika pale inapopaswa kusimama, na haikusimama. Iliendelea kwenda. Macho yake yalikuwa wazi, yanaitazama, na hayakuona kwamba imeshafika. Alishtuka moto ulipomuuma. Akageuza uso ukutani, akapaka mate, akaanza kupiga pasi kama kawaida.

Maji ya beseni yalikuwa ya vuguvugu lakini mimi nilipoa mpaka miguuni. Mtu huyu hawezi tena kuona chuma anachokishika mwenyewe. Ataionaje ngumi ya Tingatinga?

Tingatinga alikuja wiki ya pambano. Siku hizi anachomelea mageti, lakini mwili ni ule ule, akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Mkononi alikuwa na joho lake la zamani la ulingoni, limekunjamana, linanuka kabati. Nyuma yake benchi zima limejazana, shingo juu.

"Dobi!" akanguruma. "Ninyooshee joho langu. Nataka nije kukuzika nimependeza."

Benchi likapiga makofi. Mume wangu akacheka mpaka meno ya nyuma, akalipokea, akalitandaza mezani, akalipiga vumbi. Nilikuwa sijamwona na furaha ile kwa muda mrefu.

"Hariri hii," akasema. "Ngoja kwanza nipime moto, nisije nikakuunguzia sanda yako."

Akaichukua pasi. Nilitaka kusema kitu, sijui nini. Pasi ikapanda, ikapita pale pa kusimama, na mkono mmoja mkubwa ukaruka juu ya meza na kuukamata mkono wa mume wangu.

Mikono miwili imesimama hewani, pasi katikati, ncha yake inakaribia kugusa ngozi. Tingatinga aliiangalia ile alama ya kwanza shavuni. Akayaangalia macho ya mume wangu. Mtu aliyemkosa raundi zote zile, nadhani hakuna duniani anayejua kuliko yeye jinsi Kivuli alivyokuwa anapima umbali. Kisha akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yamenijaa, na nikatikisa kichwa kidogo tu: usiseme.

"Aa," akasema taratibu, akaishusha pasi mpaka kwenye kibao chake. "Nilitaka kuona kama bado una kasi. Unayo."

"Unayo wewe," mume wangu akajibu huku anahema. "Umenishtua."

Tingatinga akachukua joho lake vile vile na makunyanzi yake, akalikumbatia, akatoka hadi kwenye benchi.

"Mwalimu," akasema, "pambano halipo. Mwambieni promota nimejitoa."

"Kwa nini? Wewe si ndiye ulikuwa unadai marudiano miaka yote?"

"Nilikuwa napiga domo. Nimekuja hapa leo kumpima, nimempima. Yule sitamgusa kama ambavyo sikumgusa. Raundi zote nilipiga hewa, zile pointi mnazosema za kuungaunga zilikuwa halali yake, na yeye akinikatalia marudiano alikuwa ananihurumia. Mnatafuta gwiji, yuko mle ndani anapiga pasi. Mimi naogopa. Naomba yaishe."

Mlipuko uliofuata! Wakamzomea. Mwoga, Tingatinga limekwisha mafuta, rudi kwenye mageti yako, hivyo hivyo, na Mwalimu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Tingatinga alisimama akayapokea yote, mtu mzima, jina lake lote wanalikanyaga pale njiani. Akaondoka na joho kwapani. Nilimfuata kwa macho mpaka akakata kona, na nilitaka kumkimbilia nikampigie magoti, lakini benchi lote lingeuliza kwa nini.

Kinyozi akapenyeza kichwa mlangoni. "Shemeji, hata Mwalimu amekubali! Gwiji wa nyakati zote!"

Mume wangu alikuwa amesimama chini ya mkanda wake, kifua mbele, uso umemeremeta, kijana kabisa. Akanivuta karibu, akanong'ona ukuta usisikie.

"Mama watoto, aliponishika mkono, uliona? Mkono wake ulikuwa unatetemeka."

"Niliona," nikasema.

Nikaiwahi pasi kwenye kibao chake kabla hajaishika. Nikaisogeza karibu na shavu langu, nikausikia moto, nikamwambia bado ni mkali, asubiri kidogo.