Kaka yangu alinoa pembe za ndume kwa asbestos, mpaka kifua chake kikaisha

Wakuu, habari za leo. Mimi huwa nasoma humu na kupita tu, lakini leo nimeamua kuandika. Chumvi sijaongeza. Anayejua Malinya, kijiji chetu, aulize huko, ataambiwa.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la sita, nikaanza kwa kubeba simiti mgongoni pale Khayega. Leo hardware ni yangu, lori ni langu, na wenye digrii wakitaka kujenga wananipigia simu mimi.

Sasa kaka yangu mkubwa, Shivachi. Yeye alibaki nyumbani Malinya na mahindi yake na ng'ombe ndume wa kupigana. Kwetu ndume wanapiganishwa asubuhi mapema, ngoma za isukuti zinalia, watu wanakimbia nyuma. Na ndume hapelekwi uwanjani na pembe butu. Zinanolewa.

Wengine walitumia chupa iliyovunjika. Wengine tupa.

Shivachi alitumia asbestos.

Tukiwa vijana, college moja iling'oa paa lake la zamani, la yale mabati mazito ya simiti. Shivachi akanunua zile asbestos kwa bei ya kutupa, akaezeka jikoni na zizi la ng'ombe. Zilizovunjika aliweka. Aligundua kipande kinasugua pembe mpaka inatoka kama sindano.

Anashika kichwa cha ndume, anasugua, anapuliza ule unga kwa mdomo, anaangalia, anasugua tena. Anamaliza nywele zote nyeupe. Tulikuwa tunamcheka ati amezeeka akiwa kijana.

Sifa zikaenea, hadi watu wa Shinyalu wakawa wanamletea ndume. Amefanya hivyo maisha yake yote, na hata siku moja hakuiita kazi. Shikeni hapo.

Halafu pumzi ikaanza kumkosa. Mtu aliyekuwa anakimbia mbele ya ndume, sasa anasimama njiani kushika mti.

Aliambiwa ni TB, akameza dawa zote, wapi. Akaambiwa ni moshi wa jikoni. Majirani nao wakasema amefanyiwa kitu na mwenye ndume aliyeshindwa. Mimi sina wakati na hayo. Nilimtia kwa gari yangu, mpaka hospitali kubwa Eldoret.

Wakamtoa maji kifuani, wakapima. Daktari, msichana mdogo kuliko binti yangu, akamuuliza amefanya kazi gani maishani. Akasema yeye ni mkulima tu. Kiwandani? Hapana. Kuchimba dhahabu? Hapana. Nyumbani kuna asbestos? Hapo nikaingilia, nikasema iko juu ya paa.

Daktari akaeleza kwamba asbestos iliyokaa ikiwa nzima haina hatari kubwa. Hatari ni ikivunjwa, ikikatwa au ikisuguliwa. Ule unga una nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Zikiingia kifuani hazitoki, na ugonjwa unaweza kungoja miaka mingi sana ndio ujitokeze.

Shivachi akaangalia viganja vyake. Halafu akauliza polepole:

"Na kama mtu ananoa pembe za ng'ombe nayo?"

Daktari akaacha kuandika.

Ilikuwa kansa ya ule utando unaofunika mapafu, na ilikuwa imeenda mbali. Wakuu, mimi nimezoea kwamba kila kitu kina bei. Nikauliza kuhusu kumpeleka India akatibiwe. Daktari akatikisa kichwa.

Tukarudi nyumbani. Kufa hakukumsumbua sana Shivachi. Alichotaka ni wenzake waache, maana walikuwa wameshajifunza kwake na kila mmoja ana kipande chake. Muhonja, mke wake, akapika ingokho, kuku wa kienyeji, wenye ndume wakaitwa. Kaka akawaeleza yote, akipumzika baada ya kila maneno mawili matatu.

Walisikiliza kwa heshima. Halafu Lisanza, mshindani wake tangu ujana, akasema:

"Hayo ni maneno ya ndugu yako. Huyo anauzanga mabati. Anataka tung'oe asbestos twende kwake."

Watu wakacheka. Hata Shivachi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, Muhonja akamshikilia mpaka kikatulia.

Nikasema nitawapa tupa bure, kila mtu yake. Lisanza akaniuliza tangu lini mimi natoa kitu bure.

Nikasema zitakuwa kwa kaunta, anayetaka aje.

Kaka alituacha msimu wa kupalilia. Kwetu mzee wa ndume akizikwa, ndume wanaletwa kuzunguka boma lake kwa ngoma. Walikuja wengi, sijawahi kuona heshima kama ile. Na pembe zote zilikuwa nyeupe, zimetoka kunolewa.

Lisanza akaja, macho mekundu, akanishika mkono.

"Tumewanoa wote leo asubuhi, na vipande alivyotupatia mwenyewe. Hatungekuja kwake na pembe butu."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nikashindwa. Ule unga ulikuwa bado kwa sweta yake.

Funzo langu ni hili. Kama una asbestos nzima, iache ilivyo. Usiivunje, usinolee kitu, usifagie unga wake ukiwa mkavu. Ukitaka kuitoa, tafuta watu wenye kibali. Na daktari akikuuliza kazi yako, mtajie kila kitu ambacho mikono yako imefanya, hata kile unachofanya kwa raha zako.

Tupa ziko kwa kaunta yangu, bado bure. Wachache wamekuja. Lisanza hajafika, na nimesikia siku hizi anakohoa.

Wenye mmeona ugonjwa huu kwenu, andikeni hapa chini nisome. Na kama kuna mtu wa Malinya humu, amsomee Lisanza yale maneno ya daktari. Asimwambie tu yameandikwa na muuza mabati.