Binti Yangu Ana Kipandauso, Mama Mkwe Anasema Analilia Jina

Admin, nifiche kabisa, maana mawifi zangu wote wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi Soweto hapa Moshi. Mume wangu anapandisha watalii mlimani. Kilichonileta ni binti yetu wa kwanza, ana miaka kumi na minne.

Alipozaliwa nilikuwa Marangu kwa mama mkwe, nalishwa mtori wa ndizi na nyama kama desturi yetu ya uzazi ilivyo. Mtoto alilia jamani! Jua likianza kushuka tu, anakunja miguu tumboni, analia mpaka sauti inakauka. Nesi akasema ni chango, litaisha lenyewe akikua kidogo. Mama mkwe akasema, "Chango gani? Huyo analilia jina la marehemu bibi yetu." Ukoo ukakaa, akapewa jina la bibi mzaa babu yake. Baada ya muda kilio kikaisha. Alikuwa anakaribia miezi minne, umri ambao chango huwaacha watoto wengi, lakini nani angenisikiliza? Sifa zote zikaenda kwa jina.

Sasa tangu mwaka jana kichwa kinamuuma upande mmoja, anatapika, hataki mwanga. Shule anakosa hovyo. Daktari aliniuliza mpaka habari za uchanga wake, akasema ni kipandauso, na kwamba baadhi ya watoto waliosumbuliwa sana na chango huja kuonekana nacho wakikua. Si wote, na sababu bado haijulikani vizuri. Akampa dawa na siku ya kurudi. Nikajua nyumba sasa itatulia.

Thubutu! Mama mkwe kusikia uchanga umetajwa, akajipiga paja: "Si niliwaambia! Shuleni mmemwandika jina la kizungu, bibi amekasirika." Yaani maneno ya daktari ndiyo yamekuwa ushahidi wake! Mume wangu naye anasema, "Mke wangu, tumsikilize mama, tumchinjie bibi mbuzi. Mbuzi hamdhuru mtu." Mbuzi sina ugomvi naye, hata supu nitakunywa. Lakini wanataka mtoto aache dawa kwanza, eti bibi asione amedharauliwa, na siku ya kuchinja wameiweka Ijumaa hiihii ya kurudi kwa daktari, kwa kuwa mume wangu hana safari. Nikibisha naambiwa nimeharibiwa na mjini. Nimechoka, nimechoka kweli.

Jumapili tulipanda Marangu. Nikamkuta binti yangu nyuma ya migomba, amejifunika khanga kichwani, anatapika huku anajizuia asisikike. Nikamuuliza kwa nini hakuniita.

"Mama, nikisema naumwa mashangazi wanacheka, wanasema naanza tena vilio vyangu. Na wakishachinja, kichwa kikiendelea kuuma, si watasema mimi ndiye mbaya?"

Nikamfuta mdomo kwa khanga ile. Nimpeleke kwa daktari Ijumaa ukoo mzima unigeuke, mume wangu akiwa wa kwanza? Au nipande naye Marangu bila dawa ili ndoa ipone? Mlioolewa uchagani, niambieni, ningekuwa mdogo wenu mngenishauri nini?