Niliandikisha misa tatu ili binti yangu akataliwe usista. Jibu lilipokuja nikachanganyikiwa

Wakuu salaam kwenu nyote, wenye dini na msio nayo.

Mimi ni mtu wa kusoma nyuzi za wenzangu kimya kimya, kuandika siwezi sana. Leo nimeona niandike kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani muda mrefu, na nyumbani hakuna tena wa kumwambia, wote wanalijua. Nitakayoyasema ni ya kweli, hata pale ambapo ukweli unaniaibisha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Niseme mapema kwamba sijaja na majibu. Nimekuja nikiwa confused na huenda nikaondoka hivyo hivyo.

Niko Songea. Nina duka dogo la pembejeo: mbolea, mbegu, dawa za mahindi. Ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na kwa miaka kama tisa nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya mtaani kwetu. Kwa wasiojua, jumuiya ni kaya kadhaa za majirani zinazokutana kila wiki, nyumba hadi nyumba. Mnasoma Injili, mnasali, mnapeana habari za wagonjwa na misiba.

Kwenye jumuiya yetu kuna sala ambayo hatuikosi, ya kuombea miito. Yaani tunamwomba Mungu atupatie mapadre na masista kutoka katika familia zetu, na mwenyekiti ndiye anayeiongoza.

Kwa hiyo mimi kila Alhamisi jioni, kwa sauti kubwa kabisa, nimemwomba Mungu achukue watoto. Niwe mkweli, kichwani nilikuwa na watoto wa wenzangu. Hasa wale wenye sita, saba.

Mimi ninaye mmoja.

Anaitwa Skolastika, tunamwita Skola. Kabla yake mke wangu alipoteza mimba mbili, baada yake akapoteza moja, ikawa basi. Na huyo mmoja ana pumu tangu akiwa na miaka minne.

Mzazi mwenye mtoto wa pumu atanielewa. Unajifunza kusikiliza pumzi yake ukiwa chumba kingine. Akikohoa mara moja, wewe umeshasimama. Kiangazi watu wakichoma mashamba na moshi ukishuka mjini, nilikuwa nafunga duka nakwenda shuleni kumwangalia tu, halafu narudi. Walimu walinizoea, wengine walinicheka wazi wazi.

Sasa Skola akamaliza form six. Plan yangu ilikuwa asome uuguzi, aajiriwe hapa hapa mkoani, nimwone kila wiki.

Siku moja tuko mezani mchana, ugali na dagaa wa Nyasa, akasema, "Baba, mama, mimi nataka kuwa sista." Kisha akaendelea kula kama mtu aliyeomba chumvi.

Mke wangu akanigeukia. "Baba Skola, si ndiyo sala yako ya Alhamisi hiyo?"

Mkuki kwa nguruwe, wakuu. Mnamalizia wenyewe.

Nikajibu "tutaongea". Hatukuongea. Nilianza kuingia google kusoma habari za pumu, na kila nilichosoma kilinizidishia stress. Shirika la masista alilolitaka liko nje ya mji, upande wa Namtumbo, ndani ndani huko. Masista wanalima, wanafuga, wanapikia kuni. Vumbi na moshi. Akiwa kwenye malezi, yaani mafunzo ya usista, hana simu, na kumtembelea ni kwa ratiba. Usiku akibanwa na kifua, nani atamsikia?

Nilimweleza jirani yangu wa duka, Mzee Saidi, Muislamu wa Tunduru, muuza vitenge. Nilidhani yeye ataniunga mkono, maana kwao hakuna masista.

Akaniambia, "Mtoto ni amana, Mwenyekiti. Mwenyewe akiihitaji utamwambia haipo?"

Nikamuuliza, hata kama ana pumu?

"Kwani pumu nayo kaiumba nani?"

Nilirudi dukani kwangu na hasira. Siku mbili nzima sikumpa salamu ya maana.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu.

Kwetu ukiwa na jambo zito unaomba misa. Unaandika nia yako kwenye karatasi, unaitia kwenye bahasha na sadaka yako, unapeleka ofisi ya parokia. Jumapili kabla ya misa kuanza katekista anazisoma nia zote mbele ya watu. Kama hutaki watu wajue shida yako unaandika "nia ya pekee". Hapo mnajua wewe na Mungu tu.

Niliandika: Familia ya Baba Skola, kwa nia ya pekee.

Nia yenyewe ilikuwa masista wamkatae binti yangu.

Yaani kanisa zima, kwaya, watoto wa Utoto Mtakatifu, bibi zetu wenye fimbo zao, niliwasimamisha wamwombe Mungu amfungie Skola mlango, na wao hawajui wanachoomba.

Misa ilipoisha watu wananipa mkono pale nje. "Hongera Mwenyekiti, mnamwombea binti." Habari zilishaenea. Skola mwenyewe alikuja akanishika mkono, akasema, "Asante baba."

Nikamjibu "usijali mwanangu".

Jumapili iliyofuata nikaandika tena. Na iliyofuata. 

Cha kushangaza, wakati ule niliamini kabisa kwamba hiyo ndiyo imani. Si nilikuwa nasali? Hadi kufunga nilikuwa nafunga kila Ijumaa. Sasa hivi nikijitazama naona nilikuwa kama mtu anayepanda mahindi halafu kila asubuhi anafukua kuangalia kama yameota.

Skola alishaomba kujiunga, na masista walikuwa wamemwagiza apime afya. Akapima, daktari akaandika habari za pumu kama zilivyo. Baada ya wiki kadhaa barua ikaja kupitia kwa paroko, padre wa parokia yetu. Skola akaisoma mwenyewe pale sebuleni, mimi na mama yake tukisikiliza. Kwamba kwa hali ya kifua chake hawawezi kumpokea mwaka huu. Atibiwe vizuri, aombe tena mwakani akiwa na maelezo ya daktari.

Wakuu, nilitakiwa nifurahi. Na nilifurahi, kama dakika moja hivi.

Halafu Skola akaenda kuchukua wembe. Akakaa kwenye mkeka uani na mashuka yake na taulo. Masista walikuwa wametaka kila nguo iwe na alama ya mwenyewe, kwa hiyo, bila kusubiri jibu, alikuwa ameyatarizi herufi za jina lake kwa uzi mwekundu. Akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja. Hakulia. Nilikuwa nimesimama mlangoni namsikiliza. Pumzi yake ilikuwa nzuri kabisa siku ile, haikukwama hata kidogo, na mimi sijawahi kujisikia vibaya vile maishani mwangu.

Kuanzia hapo nikachanganyikiwa kweli kweli.

Je, Mungu alinisikia? Kama alinisikia, basi amemuumiza mtoto kwa ajili ya uoga wa baba yake, na huyo ni Mungu gani? Kama hakunisikia, ni pumu tu na daktari, basi mimi nimekuwa naongea na nani miaka yote hii? Niligeuza huku na huku, kila upande ukuta.

Nikawa siwezi hata Baba Yetu. Nafika "utakalo lifanyike" nanyamaza. Kwenye jumuiya nikawa nasingizia mafua ili mwingine aongoze sala.

Mwisho nikaenda kwa paroko wetu. Ni kijana, ningeweza kumzaa. Nikamwaga yote nikisubiri kukaripiwa. Akacheka. Akaomba radhi kwa kucheka, akacheka tena.

"Mwenyekiti, unadhani masista walisomewa bahasha yako?"

Kisha akawa serious. Akaniuliza, "Unaogopa Skola kufa, au unaogopa wewe kubaki?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hata mzazi mwenyewe kumbe haujui wote. Hadi leo nadhani ni vyote viwili na sijui kipi kilitangulia.

Akasema, "Kamwambie binti yako." Nikamwambia Padre, hilo ni gumu. Akasema ndiyo maana ananituma.

Ilinichukua wiki mbili. Nilimwambia dukani, tukiwa wawili, akiwa anapanga pakiti za mbegu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Misa zote tatu, baba?"

"Zote tatu."

"Na mimi nilikuwa pale naitikia 'Twakuomba utusikie'?"

"Ulikuwa unaitikia."

Akamaliza kupanga pakiti, akaondoka. Siku tatu hakuongea na mimi zaidi ya shikamoo. Mtoto aliyelelewa vizuri hata akikukasirikia shikamoo hakunyimi, na ile ndiyo iliniumiza zaidi.

Siku ya nne akaja na karatasi na kalamu, akaviweka juu ya kaunta. "Andika nyingine. Safari hii niione."

Nikaichukua kalamu. Nikiandika "aende", huo ni unafiki, sikutaka aende. "Asiende" nilishaliandika na matunda yake nimeyaona. Nikatafuta maneno ya katikati sikuyapata. Mwishowe nikaandika jina lake tu: Skolastika.

Akaangalia. "Basi?"

Nikamwambia basi, nimeishiwa, yaliyobaki Mungu anajua mwenyewe. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya barua.

Jumapili katekista alipofika kwenye karatasi yangu akasoma "Skolastika", akaigeuza nyuma kutafuta maneno mengine. Hayakuwepo. Akaendelea na nia inayofuata.

Sikusikia sauti, sikuona maono, msinisubiri huko. Nilichoanza kufanya ni kutaja jina lake kila asubuhi kabla ya kufungua duka, halafu naliacha. Mwanzoni nilikuwa nashindwa. Nataja, kisha naanza kumpa Mungu maelekezo, kisha namwomba msamaha kwa maelekezo. Kidogo kidogo yakapungua.

Na kuna jambo lingine la aibu. Mwaka ule ndipo nilipompeleka kliniki ya pumu ya kueleweka. Kumbe kuna dawa ya kuvuta kila siku hata kama hajabanwa. Miaka yote nilikuwa na inhaler ya dharura na miguu yangu ya kukimbilia shuleni. Nilimlinda mtoto zaidi ya nilivyomtibu.

Mwaka uliofuata daktari akaandika maelezo mazuri, Skola akaomba tena, masista wakampokea. Nilimpeleka mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kumpa sista mlezi kuhusu moshi, vumbi, baridi. Nilipofika pale getini nikasema, "Sista, Tumsifu Yesu Kristo. Ana pumu, dawa ziko begi la bluu." Nikaondoka. Kwenye basi la kurudi nililia hadi abiria wa pembeni akaniuliza nimefiwa na nani.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Tukaenda na mama yake. Skola amekomaa, viganja vina sugu za jembe, kicheko ni kile kile. Alibanwa mara mbili tangu aende, na mara zote mbili masista walijua la kufanya. Alituambia hivyo kwa utulivu, nami nikashangaa kuona bado nimekaa kwenye kiti.

Nikaona nijisifu kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, siku hizi siogopi kama zamani. Imani yangu imekua."

Akatabasamu. "Najua baba. Tulipofika hapa tuliambiwa kila mmoja achague jambo moja la kuombea mwaka mzima. Wenzangu wengi wanaomba wadumu katika wito. Mimi naomba wewe uache kuogopa."

Mama yake alinisukumia kikombe cha chai.

Sasa wakuu, ndipo nilipo. Hofu haijaisha yote ila imepungua sana, hilo nashuhudia mbele yenu, na najua sikuipunguza mimi. Nilichojifunza ni kwamba unaweza kusali miaka na miaka huku unamwogopa huyo huyo unayemwomba, na mtoto wako akakuona. Lakini hii imani niliyo nayo leo, ni yangu, au nimeazimwa na mtoto niliyetaka kumfungia mlango? Na kama ni ya kuazima, inahesabika?

Wazazi wenzangu, hasa mlio na mtoto mmoja, mnawaombeaje bila kumpangia Mungu? Na kama yupo hapa ambaye aliombewa na mwanawe kabla yeye hajajua kuomba, naomba aseme, nijue kama tuko wengi.